Shotigani ya bei nafuu: tafuta mahali walipobana

Wadogo zangu mnaoanza kazi ya ghala la silaha, swali mtakaloulizwa kuliko yote ni hili: "Hii ya bei nafuu inafaa?" Ataliuliza mkuu wa kampuni ya ulinzi anayetaka bunduki kumi kwa mkupuo, na ataliuliza mkulima mwenye leseni ambaye nguruwe pori wamemmalizia mihogo. Msikimbilie kujibu kwa jina la kiwanda. Bunduki ikiuzwa nusu ya bei ya mwenzake, kuna mahali waliotengeneza wamebana, na kazi yenu ni kupatafuta. Wakiwa wamebana kwenye urembo, mshaurini anunue. Wakiwa wamebana kwenye chuma, kwenye springi au kwenye umaliziaji wa chemba (nafasi ya nyuma ya mtutu inamokaa risasi), irudi ilikotoka hata kama inang'aa.

Mfano wa kubana kwa akili ni Maverick 88, pampu ya Kimarekani ya familia ya Mossberg, yaani inayopakiwa kwa kusukuma kishikio cha mbele kwa mkono. Ni mdogo wake Mossberg 500. Sefti imewekwa kama kitufe pembeni ya traiga badala ya kukaa juu mgongoni penye kidole gumba, na umaliziaji wa nje ni wa kawaida tu. Mwili wake ni wa alumini, na hapo wengi huingiwa na wasiwasi. Lakini ifungueni muone: bolti, chuma kinachoziba nyuma ya risasi, inajifunga kwenye kipande cha chuma cha mtutu wenyewe, kwa hiyo mlipuko unabebwa na chuma kwa chuma, alumini inashikilia vingine tu. Walichopunguza ni starehe. Pale panaponusuru uso wa mpigaji hawakupagusa.

Singo za Baikal, bunduki za mtutu mmoja zinazotoka Izhevsk huko Urusi, nazo ni hivyo hivyo. Mbao za kawaida, traiga nzito. Ndani ya mtutu, hata hivyo, kuna kromu. Kwa mtu wa Tanga au Kigamboni, ambako upepo wa chumvi unakula hadi bawaba za mlango, kromu hiyo ina thamani kuliko kitako cha mbao nzuri chenye nakshi.

Za Uturuki zinahitaji subira zaidi. Nyingi zinatoka Huğlu na Üzümlü, upande wa Beyşehir mkoani Konya, ambako ufundi wa bunduki ni kazi ya mji mzima na karakana ni nyingi, kubwa na ndogo. Bunduki moja inaweza kuuzwa kwa majina matatu kwa kuwa kila mwagizaji anaichapa jina lake. Nimeshika za huko zilizonifurahisha sana, nikashika na nyingine ambazo springi ya kucha, kile kidude kinachovuta ganda tupu kutoka chemba, ilichoka kabla ya mwaka. Jina lililochapwa ubavuni halitakusaidia, ihukumu bunduki yenyewe iliyo mezani.

Ninachowaomba mkishike kwa mikono miwili ni hiki: fedha ikiwa ndogo, nunueni mashine yenye vipande vichache. Singo nzuri ya kukunja, inayofunguliwa kwa kuinamisha mtutu, ni rahisi kuitengeneza. Pampu inataka usahihi zaidi, lakini nguvu ya kuisukuma inatoka mkononi mwa mtu, kwa hiyo inavumilia risasi dhaifu na uchafu kidogo. Ya kujipakia yenyewe inategemea gesi au mrudisho wa risasi, na kila kitu humo lazima kiwe kwenye kipimo: tundu la gesi, uzito wa bolti, ukali wa springi. Ukiishusha bei yake sana, lazima kimojawapo kitoke kwenye kipimo. Mwaka wangu wa pili kazini nilipendekeza sita za aina hiyo, nyeusi, nyepesi, zinapendeza begani. Kwenye mazoezi ya kwanza nne zilikwama na ganda limesimama wima kwenye tundu la kutokea maganda kama bomba la moshi. Walinzi walikuwa wanaangaliana. Nililala vibaya wiki ile nikiwaza kwamba mmoja wao angekuwa usiku getini na kitu nilichokipitisha mimi kwa saini yangu.

Sasa mezani. Kwanza hakikisheni ni tupu: kwa macho, kisha ingizeni kidole kwenye chemba, na kama ni pampu pitisheni kidole hadi kwenye mdomo wa bomba la magazini. Risasi zote ziondolewe kwenye chumba mnachofanyia kazi.

Elekeza mtutu dirishani utazame ndani. Mwanga unachora pete pete. Zikiwa za duara safi hadi mwisho, mtutu umenyooka. Ukiona pete moja nyeusi peke yake imekaa katikati, pitisheni kidole kwa nje taratibu, mara nyingi mtasikia uvimbe. Mtutu huo umewahi kulipuliwa ukiwa na kizuizi ndani, na hakuna fundi wa kuurudisha. Usinunuliwe hata kwa bei ya kutupwa.

Ya kukunja, vueni kishikio cha mbele, fungeni mtutu, kisha utikiseni kushoto na kulia. Kishikio huficha ulegevu kwa kubana kama kabari, ndiyo maana wauzaji hawapendi kukivua. Ikiwa ni ya mitutu miwili, ning'inizeni mitutu kwenye kidole kwa ndoano yake, mgonge kwa ukucha au kijiti. Ikilia kama kengele, lehemu iliyounganisha mitutu imeshika. Ikitoa mlio wa chungu chenye ufa, imeachia mahali. Kipimo hiki nilifundishwa na mzee mmoja ambaye hakuwa na chombo chochote zaidi ya bisibisi mbili na kitambaa, na mpaka leo hakijawahi kuniangusha.

Traiga na sefti zina majaribio mawili. Vuta nyundo, weka sefti, bonyeza traiga kwa nguvu, achia. Halafu toa sefti bila kugusa traiga. Nyundo ikianguka hapo, sefti hiyo ni pambo. La pili, nyundo ikiwa imevutwa na sefti imetolewa, gonga kitako kwa kiganja mara kadhaa. Isianguke. Kwenye bunduki za bei ndogo meno ya ndani ya traiga hukatwa haraka haraka, na mtu akiyapiga msasa ili traiga iwe laini, mnapata silaha inayofyatuka ikidondoka. Skrubu zenye vichwa vilivyochubuka zinaeleza kwamba mtu alishaingia humo.

Kisha uwanjani, penye ruhusa, kwa risasi zile zile zitakazotumika kazini. Boksi moja la 25 ni la chini kabisa. Okoteni maganda na kuyasoma, hapo ndipo bunduki inasema ukweli wake. Alama ya pini kwenye kiwashio, kile kiduara kidogo katikati ya kitako cha ganda, iwe ya kina na iwe katikati. Ikiwa pembeni, mtutu na bolti havitazamani vizuri. Mikwaruzo mirefu kwenye ganda inaonyesha chemba iliyoachwa na alama za mashine. Chemba ya hivyo ikikutana na risasi za bei ndogo ambazo kitako chake ni chuma kilichopakwa rangi ya shaba, ganda linatanuka na kung'ang'ania. Chuma hakirudi kama shaba. Mara nyingi kung'arisha chemba kunatosha, kazi ya dakika chache kwa fundi anayeruhusiwa, na bunduki iliyokuwa ikitukanwa inakuwa nzima.

Kabla hamjailaumu pampu ya lindo, tazameni pia risasi zake. Mlinzi wa usiku anapakia, wa mchana anapakua, risasi zile zile miezi na miezi. Plastiki iliyobanwa na springi ndani ya bomba hutuna, mikunjo ya mdomoni hufunguka, na marisau yanaanza kutoka. Niliwahi kuletewa bunduki "mbovu" ikiwa na risasi zilizokuwa zimevimba kiunoni. Nilibadilisha risasi tu.

Kwa mitutu miwili ya bei nafuu kuna jambo moja la ziada: mara nyingi kila mtutu unapiga kwake. Wekeni karatasi pana mita 35 hivi mbele, pigeni mtutu mmoja, badilisheni karatasi, pigeni wa pili kwa kulenga pale pale. Muuzaji atawaambia utazoea. Hautazoea, na kanga hatakusubiri.

Zilizokwisha kutumika, hasa zile za Kiingereza ambazo wazee wamewaachia watoto, zina hatari ambayo haionekani kwa macho. Nyingi zilichongwa chemba ya milimita 65, wakati risasi nyingi za leo ni za 70. Risasi ya 70 itaingia bila kulalamika, kwa kuwa urefu ulioandikwa ni wa ganda lililokwisha kufunguka. Likifunguka linakosa nafasi, na presha inapanda. Pimeni chemba, someni alama chini ya mtutu. Na risasi ya geji 20, ambayo ni nyembamba, isikae kamwe kwenye mfuko mmoja na ya geji 12, maana inateleza ndani ya mtutu wa 12 na kukwama mbele kidogo. Mtu akidhani hajapakia na kuweka 12 nyuma yake, mtutu unapasuka jirani na mkono wake wa kushoto. Ndiyo sababu za geji 20 hutengenezwa za njano.

Kutu nitaisema kifupi, maana mtaiona wenyewe. Pwani, usihifadhi bunduki ndani ya begi la sponji. Sponji inashika unyevu na kuulaza juu ya chuma. Iwe wazi kabatini, imefutwa kwa kitambaa chenye mafuta kila inaporudi kutoka lindoni, hasa ile iliyopakwa weusi mwepesi wa bei ndogo.

Mwisho wa mazungumzo na muuzaji, kabla ya makaratasi ya polisi kuanza, mwombeni awauzie pini moja ya akiba, springi ya kucha moja na springi ya magazini, mkononi, siku hiyo hiyo. Mimi sipokei ahadi ya "vipo njiani". Asipokuwa nazo kwa bunduki anayoiuza leo, baada ya miaka mitatu hatakuwa nazo pia, nami nitabaki na bunduki kumi zenye leseni halali zikiegemea ukuta kwa kukosa kipini kisichozidi urefu wa kidole.