Unataka kufundisha uandishi wa kiufundi chuoni? Anza na bahasha ya dawa

Wadogo zangu wanaomaliza digrii wananiuliza sana unaingiaje kwenye kazi ya kufundisha na kutafiti uandishi wa kiufundi na usanifu wa taarifa, yaani kupanga maelekezo mtu ayasome, aelewe, afanye. Mimi iliniingiza bahasha ya dawa. Bibi yangu aliandikiwa 2x3, maana yake viwili kutwa mara tatu, yeye akawa anameza vitatu vitatu asubuhi na jioni. Jumla ni sita ileile lakini masaa yameharibika kabisa, na bibi anajua kusoma vizuri tu! Nikajiuliza nani anafundishwa kuandika ile bahasha.

Sasa kwenye kutafuta kozi msikwame kwenye jina moja. Marekani nyingi ziko ndani ya idara za Kiingereza, Chuo Kikuu cha Reading kule Uingereza usanifu wa taarifa uko kwenye idara ya taipografia, yaani upangaji wa herufi na kurasa, kwingine utaikuta kompyuta au uhandisi, kwa hiyo soma wahadhiri wanatafiti nini kwanza ndio uangalie jina la digrii. Na msomeni Marie Neurath jamani, yule mama wa picha za Isotype, michoro rahisi ya kueleza taarifa na takwimu, zilizoanzia Vienna miaka ya 1920, miaka ya 1950 alifanya kazi na serikali ya Nigeria Magharibi na ikabidi watu na nyumba kwenye michoro zichorwe upya zifanane na za pale.

Kingine, na hiki kiliniuma, chukua kibali cha maadili ya utafiti KABLA hujamkalisha mtu yeyote ajaribu kusoma karatasi yako ya maelekezo. Mimi nilikusanya data miezi minne bila kibali nikidhani ni majaribio tu, ilikuwa data nzuri mno na hakuna jarida ningeweza kuipeleka, nikaanza moja. Halafu ukishamkalisha mtu, nyamaza. Usimwelekeze, usimsaidie hata akikutazama kwa kuomba, andika tu amesita wapi, kidole kimerudi wapi, maana hapo ndipo penye makala yako.

Bahasha yangu ya kwanza niliichora jua mara tatu, linachomoza, la utosini, linazama. Nikampelekea bibi. Akaliangalia lile la mwisho muda mrefu akaniuliza, "Mjukuu wangu, hili nalo ni la asubuhi ya kesho?"