Akikuuliza kama umekula, litafsiri na hilo

Wadogo zangu mnaoanza ukalimani wa polisi na mahakama hapa Nairobi, mtaapishwa, mtazoea kuandika vifupisho haraka, mtaambiwa mseme "mimi" pale mshukiwa anaposema "mimi". Sawa. Nililojifunza baada ya kuumbuka ni hili: chumba cha mahojiano kinaweza kuwa na watu wanne, lakini wewe na mshukiwa mko wawili. Wengine wanasikia sauti tu. Mtu mjanja huligundua hilo mapema kuliko wewe.

Wangu alikuwa Mrusi wa makamo, mpole, akishukiwa kula pesa za watu kwa ahadi ya kuwaagizia magari. Nilikuwa na miaka 26, nimerudi majuzi kutoka Voronezh nilikosomea, na Kirusi changu kilikuwa kinashika kutu kwa kukosa wa kuongea naye. Nilipomaliza sentensi ya pili akatabasamu, akasema lazima niliishi kusini, kwa sababu "g" yangu inatoka kooni kama pumzi. Ni kweli, huko wapo wengi wanaoitamka hivyo. Tangu nirudi, hakuna aliyekuwa amesikia chochote katika Kirusi changu. Watu wa nyumbani walikuwa wakinisifu tu, kama mtoto anayeimba kanisani.

Siku ya kwanza aliniuliza: "Vy segodnya eli?" Mahakama ilipowaongezea polisi siku za kumhoji, akauliza tena: "Ty ela?" Kwa Kiswahili yote mawili ni "Umekula?" Lakini "vy" ni ya heshima, na "ty" ni ya mtu wa karibu. Alivuka kutoka moja hadi nyingine mbele ya maafisa wawili na wakili, na mimi peke yangu ndiye niliyesikia hatua zake. Na kwa kweli nilikuwa sijala. Kifungu cha 49 cha Katiba ya 2010 kinataka mtu aliyekamatwa afikishwe kortini ndani ya saa 24, kwa hiyo siku ile ya kwanza tulikuwa mbio tangu alfajiri, na nani angekumbuka kwamba mkalimani ana tumbo? Yeye alikumbuka. Nikamjibu kwa Kirusi, kimya kimya, kwamba nitakula baadaye. Swali sikulitafsiri, wala jibu langu. Niliona ni salamu tu.

Hapo ndipo nilipoharibu kazi, ingawa sikusema uongo wowote niliokusudia. Kirusi kina jozi za vitenzi: bral na vzyal, kwa Kiswahili vyote viwili ni "kuchukua". "Ya ne bral deneg" ni kukana kabisa, kwamba jambo hilo halikuwepo. "Ya ne vzyal deneg" inaacha nafasi: huenda pesa ziliwekwa mezani, ila yeye hakuzichukua. Alisema hii ya pili. Mimi nikatoa: "Sikuchukua pesa za mtu yeyote." Afisa akaandika, na swali ambalo lingefuata, pesa zilikuwa wapi na alizileta nani, halikuulizwa.

Rekodi ilipopelekwa kwa mzee mmoja aliyesoma Moscow enzi za Umoja wa Sovieti, aliniita, akairudisha nyuma mara tatu, kisha akauliza: "Mwanangu, hii 'yeyote' umeitoa wapi?" Sikuwa na jibu. Niliondolewa kwenye kesi, na simu yangu ikanyamaza miezi kadhaa.

Mzee hakunigombeza. Alinieleza kwamba Kifungu cha 50 kinampa mshtakiwa asiyeelewa lugha ya kesi mkalimani bila malipo. Ni haki yake. Kwa hiyo hana deni la shukrani kwako, na wewe huna deni la wema kwake. Akisifu lafudhi yako, litafsiri kwa sauti. Akiuliza habari za mama yako, litoe. Afisa akitoka kupokea simu, toka naye, hata kama mvua inanyesha na korido haina kiti. Akikuomba umpigie dada yake, sema ombi hilo kwa sauti ili lisikike na wote. Ana wakili, na Mkataba wa Vienna wa 1963 unamruhusu kuwasiliana na maafisa wa kibalozi wa nchi yake. Mimi nilikuwa tayari nimeandika namba ya huyo dada nyuma ya daftari. Sikupiga, lakini niliiandika, na mpaka leo nikiikumbuka naona aibu.

Mtaniuliza kama nilimpenda. Sijui niite nini. Najua nilikuwa nikichagua blauzi asubuhi kabla ya kupanda matatu, jambo ambalo sikulifanya kwa kesi za wizi wa simu.

Mwaka uliofuata nikaitwa kwa Mrusi mwingine, kijana mcheshi. Alianza na "vy", saa nne akaingia kwenye "ty", akasema nimependeza. Nikatoa kwa sauti ile ile niliyotumia kwa namba ya pasipoti: "Umependeza leo."

Afisa, baba mzima mwenye masharubu, akainua kichwa. "Nani, mimi?"

"Hapana, afande. Mshukiwa anamwambia mkalimani."

Akaliandika. Kijana akauliza tumesema nini, nikamtafsiria na hilo. Akarudi kwenye "vy", na huko ndiko alikobaki mpaka jioni.