Darasa la vipaji liko mlango wa pili: kwa wazazi wenye watoto shule za msingi New York

Ujumbe wa dada mmoja wa Bronx ulikuwa mfupi. Ana watoto wawili shule moja ya msingi, ghorofa moja. Mkubwa yuko darasa la vipaji (Gifted and Talented), lile wenyewe wanaloliita G&T. Mdogo yuko darasa la kawaida, milango miwili mbele. Jioni moja mdogo anavua viatu mlangoni, kiatu kimoja bado kiko mguuni, akauliza: "Mama, kwani mimi niko darasa la wajinga?" Dada anataka kujua afanye nini: amtoe mkubwa, amhamishe mdogo, au aende akamkabili mwalimu mkuu.

Dada, mwalimu mkuu usimkabili kwanza. Utamfikia, lakini ukiwa na karatasi mkononi.

Neno "vipaji" lenyewe linatuponza. Aliyekulia Tanzania akisikia shule ya vipaji maalumu anaona Ilboru, Mzumbe, Kibaha, Kilakala: mtoto kafaulu darasa la saba, anapanda basi na tranka lake la bati, mtaa mzima unajua. Mkenya anafikiria Alliance na Mang'u. Kule mtoto anaondoka, na waliobaki hawamwoni kila asubuhi. New York haiko hivyo. Zipo shule tano za G&T zinazopokea watoto wa jiji zima, lakini madarasa mengi ya vipaji yamepachikwa ndani ya shule za kawaida za mtaa. Kila ngazi kuna darasa moja la G&T, na pembeni yake moja, mawili au matatu ya kawaida. Mwalimu mkuu ni huyohuyo, kantini ni hiyohiyo, chama cha wazazi ni hichohicho. Ugomvi wote unazaliwa hapo, kwenye vitu vya kugawana.

Mfano unaotajwa sana uko Upper East Side, Manhattan: Lower Lab ya watoto wa vipaji na PS 198 ya mtaa, shule mbili ndani ya jengo moja. Kwa miaka watoto waliingia kwa milango tofauti, upande mmoja wengi wao weupe na wenye asili ya Asia, upande wa pili weusi na Walatino. Mtoto wa miaka sita hahitaji kufafanuliwa maana ya mlango.

Tuanze na namna mtoto anavyoingia, maana hapa ndipo wengi wanapoumia bila sababu. Mpaka 2021 watoto wa miaka minne walifanyishwa mtihani. Aliyewapita asilimia 90 ya wenzake alistahili darasa la vipaji la wilaya yake ya shule, na shule za jiji zima zilitaka 97. Wenye pesa walilipia masomo ya ziada kumwandaa mtoto ambaye hata kufunga kamba za viatu hajui. Januari 2021 bodi ya elimu ya jiji ilikataa kuongeza mkataba wa mtihani ule, na Oktoba mwaka huohuo meya Bill de Blasio akatangaza kwamba programu yenyewe itaondolewa taratibu. Akaja Eric Adams, Aprili 2022 akairudisha: nafasi 100 zaidi za chekechea, jumla zikawa kama 2,500, na nafasi 1,000 mpya za darasa la tatu, ili kila wilaya kati ya 32 iwe nayo. Kabla ya hapo wilaya kama ya 7 na ya 12 huko Bronx zilikaa miaka bila darasa la vipaji la chekechea.

Sasa hivi hakuna mtihani wa chekechea. Mwalimu wa shule ya awali ndiye anayempendekeza mtoto, na aliye nje ya shule za awali za jiji anahojiwa na maofisa wa idara ya elimu. Waliokubalika wanaingia kwenye bahati nasibu, kwa kuwa wanaostahili ni wengi kuliko viti. Soma sentensi hiyo mara mbili. Mtoto wa jirani aliyepata kiti huenda hakumshinda wako kwa chochote. Wote wawili walipendekezwa, namba ikaangukia kwa mmoja.

Kosa ninaloliona zaidi liko kwenye maombi ya MySchools, tovuti ya jiji ya kuombea shule. Shule yenye darasa la vipaji inaonekana mle mara mbili, kwa misimbo miwili tofauti: mmoja wa programu ya kawaida, mwingine wa G&T. Mzazi anaona jina la shule, anabonyeza la kwanza, anadhani kamaliza. Au anaamini kwamba kwa kuwa mkubwa yumo, mdogo atafuata mwenyewe. Ndugu aliyemo humpa mdogo kipaumbele, lakini sharti mdogo naye akubalike kwanza, na sharti programu iwe imeorodheshwa. Una nafasi 12 kwenye orodha, zitumie. Ya G&T iweke juu ya ile ya kawaida kama ndiyo unayoitaka, maana mfumo unashuka kutoka juu na kusimama pale penye nafasi. Usiache kuiweka ya kawaida chini yake. Na kabla ya kukubali kiti cha shule ya mbali, uliza habari za basi la njano, usije ukawa unashuka treni mbili kila alfajiri ya Januari na mtoto mgongoni.

Dada wa Bronx, fungua akaunti yako ya MySchools leo usiku, usome barua ya mdogo. Je, aliombewa G&T? Kama aliombewa, barua inasema hakustahili, au alistahili akakosa nafasi? Hayo ni mambo mawili mbalimbali. La pili unaweza kumweleza mtoto kwa lugha ya pipi kwenye mfuko: majina yalichanganywa, lako halikutoka. Tena mlango haujafungwa, kwa sababu kuna maingilio ya darasa la tatu. Kwa utaratibu wa 2022 wanaoalikwa kuomba ni asilimia 10 ya juu ndani ya kila shule, kwa alama za kusoma, hesabu, sayansi na maarifa ya jamii. Ndani ya kila shule, si ndani ya jiji. Kwa hiyo ripoti za darasa la pili ni za kuhifadhi, na alama usiyoielewa unaiulizia mwezi uleule, usisubiri Juni.

Utaratibu huu unabadilika na kila meya. Zohran Mamdani, mzaliwa wa Kampala aliyeapishwa Januari 2026, alisema kwenye kampeni kwamba ataondoa maingilio ya chekechea na kubakiza ya darasa la tatu. Kila vuli soma upya masharti kwenye tovuti ya idara. Aliyeingiza mtoto miaka mitatu iliyopita atakupa ushauri wa dhati kabisa na uliokwisha muda.

Sasa twende kwenye korido, maana manung'uniko ya wazazi wa pande mbili nimeyasikia mpaka yamenichosha. Wa darasa la kawaida wanasema: mwalimu mzuri kapelekwa kule, safari ya makumbusho wamekwenda wao, ubao wa ukutani wa kwao una rangi. Wa darasa la vipaji wanasema: sisi ndio tunaochanga, sisi ndio tunaokuja kwenye mikutano, na bado tunaonekana wezi. Kila upande una ukweli kidogo na uvumi mwingi. Dawa ya uvumi ni hesabu.

Uliza idadi kwanza. Sheria ya jimbo ya 2022 inataka madarasa ya New York kuanzia chekechea mpaka la tatu yasizidi watoto 20, na la nne mpaka la nane wasizidi 23, na ilipopitishwa ilipanga utekelezaji ukamilike 2028. Kama darasa la vipaji lina watoto 18 na la mwanao lina 27, hilo si wivu wako, ni jambo lenye sheria nyuma yake. Swali la pili: kiti cha G&T kikibaki wazi katikati ya mwaka kwa kuwa familia imehama, kinajazwaje? La tatu, ni masomo gani watoto wanachanganyika? Michezo, muziki, sanaa na chakula cha mchana havina sababu ya kutenganishwa. Shule nyingi zinapanga meza za kantini kwa madarasa kwa sababu ndivyo foleni inavyoingia, basi, na mwalimu mkuu anaweza kubadilisha hilo kwa wiki moja akiombwa vizuri. Hili ndilo rahisi kuliko yote, na ndilo watoto wanalolihisi zaidi.

Usipoteze nguvu kugombania mtaala kabla hujautazama. Jiji halina mtaala mmoja wa vipaji. Viwango vya jimbo ni vilevile pande zote mbili, na kinachotofautiana ni kasi, kina, na mwalimu mwenyewe. Nimeona madarasa ya G&T ambayo tofauti yake ni karatasi za kazi mara mbili, na madarasa ya kawaida ambako mwalimu anawafanya watoto wapime kivuli cha mti uwanjani saa tatu, saa sita na saa nane, kisha wachore grafu. Mimi mtoto wangu ningempeleka kwenye kivuli. Siku ya kutembelea shule uliza vitu vinavyoonekana: nionyeshe kazi ya wiki hii ya hesabu ya darasa hili na lile, mwalimu ana cheti cha ziada cha jimbo cha kufundisha vipaji?

Kuhusu pesa za wazazi, jua haki zako. Kila mzazi wa shule ni mwanachama wa chama cha wazazi na walimu, PTA, tangu siku mtoto anapoandikishwa, na michango ni ya hiari: asiyelipa anapiga kura kama aliyelipa. PTA hairuhusiwi kulipia mwalimu wa somo la msingi, ingawa inaweza kulipia ziada kama sanaa au safari. Sheria ya jiji ya 2018 inaidai idara itoe kila mwaka ripoti ya mapato na matumizi ya PTA za shule, kwa hiyo huna haja ya kukisia. Kinachoharibika mara nyingi ni michango ya darasa kwa darasa: wazazi wa G&T wana kundi lao la WhatsApp, wanachanga dola 20 kila mtu, safari inakwenda. Hawakuiba kitu, lakini watoto wa mlango wa pili wanaliona basi likiondoka. Pendekeza kwenye mkutano wa PTA, na iandikwe kwenye kumbukumbu, kwamba safari zichangiwe kwa ngazi nzima.

Lakini mengi hayaamuliwi PTA. Yanaamuliwa kwenye kamati ya uongozi wa shule, SLT. Kisheria idadi ya wazazi na ya wafanyakazi mle ni sawa, inakutana kila mwezi, na mikutano yake ni ya wazi. Ndiyo inayoandaa mpango wa elimu wa shule wa mwaka. Wazazi wetu hawaendi. Tunafanya kazi zamu za usiku, Kiingereza cha mkutano kinatutisha, halafu tunabaki kulalamika kwenye harusi. Viti vya wazazi vinajazwa kwa uchaguzi unaosimamiwa na PTA, na kwenye shule nyingi wagombea hawatoshi. Nenda. Ukikaa kimya pale mbele ya watu kumi na wawili, utakuwa umefanya zaidi ya meseji mia za usiku.

Suala la lugha linatugusa sisi hasa. Siku ya kuandikisha unapewa fomu ya lugha ya nyumbani. Baadhi yetu wanaandika Kiingereza tupu, wakiogopa kwamba Kiswahili kitamfungia mtoto mlango wa vipaji. Hakimfungii. Ukiandika Kiswahili, mtoto anaweza kupimwa Kiingereza ndani ya siku kumi za shule, na akihitaji msaada anaupata hata akiwa G&T. Ukificha, mtoto anakaa kimya darasani, mwalimu anadhani hana la kusema, na pendekezo linakwenda kwa mwingine. La kuangalia ni saa ya msaada: akitolewa darasani kila siku wakati wa hesabu, omba ratiba ibadilishwe. Na mkalimani wa simu wa Kiswahili ni haki yako. Omba siku kadhaa kabla, kwa maandishi, na usikubali mtoto wako mwenyewe atafsiri mkutano unaomhusu.

Nyumbani, chungeni Kiswahili chenyewe. Sisi ndio tunaosema "darasa la wenye akili" sebuleni, tunamtangaza mkubwa kwenye kundi la ukoo, shangazi wa Tanga anatuma vigelegele, na mdogo yuko kwenye kochi anasikia. Halafu tunashangaa neno "wajinga" limetoka wapi. Liiteni kwa jina la mwalimu au namba ya chumba, kama watoto wenyewe wanavyofanya wakiachwa.

Kumtoa mkubwa, hapana. Kiti chake hakiendi kwa mdogo wake, kinakwenda kwa atakayefuata. Kumhamisha mdogo, subiri barua iseme nini. Mwalimu mkuu mwandikie mistari mitano: idadi ya watoto kwenye kila darasa la ngazi ya mdogo, masomo ya kuchanganyika, meza za kantini, tarehe ya mkutano ujao wa SLT, na ombi la mkalimani wa Kiswahili. Tuma kwa barua pepe, ili tarehe ibaki. Asipojibu ndani ya wiki mbili, itume ileile kwa msimamizi wa wilaya, na ya kwanza iwe chini yake.