Kichujio cha Jua hakitakuonyesha Utaridi

Swali: Nina darubini ya lenzi yenye kipenyo cha milimita 90, pamoja na kichujio cha jua cha kufunika mbele. Nataka kuiona Utaridi, lakini muda mwingi iko karibu mno na Jua. Je, nikivalisha kichujio naweza kuisaka mchana bila kuumia macho?

Jibu: Macho hayataumia, ila sayari hutaiona. Kichujio kizuri hupitisha takriban sehemu moja tu kati ya laki moja ya mwanga. Jua litabaki, Utaridi itazama gizani pamoja na anga lote. Kichujio kinafaa siku sayari hiyo inapokatiza mbele ya Jua ikiwa kitone cheusi, kama ilivyokuwa 11 Novemba 2019 na itakavyokuwa 13 Novemba 2032. Siku nyingine zote unaitafuta darubini ikiwa wazi, na hatari ndiyo hiyo.

Utaridi haiachani na Jua zaidi ya nyuzi 28; safari nyingine hufika 18 tu, ikageuka. Itafute siku za karibu na kilele hicho. Jioni, subiri Jua lizame lote ndipo uinue darubini. Alfajiri ndiyo inayoponza: unaifuata sayari ikipanda, umenogewa, kumbe Jua linakuja nyuma yake. Weka kengele ilie dakika kumi kabla ya macheo, na ikilia, funika darubini hata kama ndiyo kwanza umeipata.

Ukitaka mchana hasa, anza na Zuhura. Inang'aa zaidi na hufika nyuzi 47 kutoka kwenye Jua. Hapo usitegemee umakini wako, tegemea ukuta. Darubini nzima ikae kivulini, si kichwa chako tu. Zuhura ikiwa mashariki ya Jua, fanya kazi alasiri, ukuta ukiwa magharibi yako: Jua linazidi kushuka nyuma ya ukuta, na kivuli kinarefuka. Ikiwa magharibi ya Jua, utaitazama asubuhi, na mambo hugeuka. Jua linapanda, kivuli kinakimbia, na mwanga ukigusa mdomo wa darubini, umechelewa. Acha mapema. Retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, haihisi maumivu. Utajua imeungua baada ya kuungua.

Rekebisha ukali wa picha mapema kwa kutumia Mwezi, kwa sababu Zuhura iliyofifia kwenye anga la buluu unaweza kuipita bila kuitambua. Darubini ndogo ya kulengea ifunikwe, maana nayo inaunguza. Na kama stendi yako ina mota ya kujitafutia sayari, usiweke jicho wakati inazunguka: inaweza kukatiza Juani.

Jambo la mwisho: darubini nyingine huja na kichujio kidogo cha kufungwa kwenye lenzi ya jicho. Hicho hukaa pale joto linapokusanyika, na kinaweza kupasuka ghafla ukiwa unachungulia. Kivunje, usimgawie mtu.