Jibu: Mwenye mundu kichwani si Petro Mtume

Ndugu, uliuliza kama yule Petro wa kwenye picha ya mtakatifu, mwenye mundu kichwani, ni Petro Mtume. Siye. Ni Petro wa Verona, Mdominiko, yaani mtawa wa shirika la Mtakatifu Dominiko. Wazazi wake walikuwa Wakathari, kundi lililohesabiwa na Kanisa kuwa la wazushi, waliofundisha kuwa ulimwengu huu wa vitu ni kazi ya mwovu. Yeye akahubiri dhidi ya Wakathari, kisha Papa akampa kazi ya kuchunguza uzushi. Tarehe 6 Aprili 1252, akitoka Como kwenda Milano, Italia, Carino wa Balsamo, muuaji wa kukodiwa, alimpasua kichwa karibu na Barlassina. Akatangazwa mtakatifu Machi 1253, hata mwaka haujatimia! Kwamba alipokuwa akifa aliandika "Nasadiki", neno la kwanza la Kanuni ya Imani, kwa damu yake, hayo ni masimulizi tu. Carino mwenyewe alitubu, akaishia kwa Wadominiko haohao, katika mji wa Forlì.