Mtoto Anasinzia Kwenye Daftari

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Binti yangu yuko kidato cha tatu. Namwamsha saa kumi alfajiri ajisomee, nikigeuka tu amelalia daftari la baiolojia, mate yamelowesha ukurasa. Baba yake anasema ni uvivu. Nifanyeje? — Mama Rehema, Tanga

JIBU: Marahaba, mama. Mwambie Baba Rehema huo si uvivu. Mtoto akibalehe, saa ya ubongo husogea mbele: melatonini, homoni inayouambia mwili usiku umeingia, huchelewa kupanda. Ndiyo maana usiku yuko macho, alfajiri hajiwezi. Wa umri wake anahitaji usingizi wa saa 8 hadi 10, na ni humo usingizini ubongo unaporudia na kukaza aliyoyasoma mchana. Ukiukata, unakata na masomo, tena hasira na huzuni huzidi. Jimbo la California, Marekani, walitunga sheria mwaka 2019 kwamba sekondari nyingi zisianze kabla ya saa 2:30 asubuhi. Huku kwetu, saa moja mtoto yuko mstarini! Basi tusimnyang'anye hata kidogo kilichobaki.

Alale saa tatu na nusu, simu ibaki chumbani kwako, aamke kumi na moja na nusu. Jioni afunge daftari, achore mchoro wa moyo bila kutazama, ndipo afungue ajisahihishe. Mwaka 2006 watafiti Roediger na Karpicke walionyesha kuwa wanaojipima hivyo hukumbuka zaidi baada ya wiki kuliko wanaorudia kusoma tu. Mimi hilo nalithamini kuliko tuisheni yoyote.

Akilala vya kutosha na bado amenyong'onyea wiki mbili mfululizo, mpeleke kwa daktari.