Duka la vipodozi la mtu mmoja: kipi kinatangulia, na makadirio ya TRA yanapangwaje

Mkuu, umeuliza kama uanze na BRELA (wakala wa usajili wa biashara na kampuni) au TRA (Mamlaka ya Mapato Tanzania), na kama ni kweli afisa anakukadiria kwa kukuangalia usoni. La pili ndilo lenye pesa, ila nianze na la kwanza.

Ukiwa na namba ya NIDA (ya kitambulisho cha taifa), kitangulie kitu ambacho wengi hukisahau: mkataba wa pango. TRA watauomba, na ukishaupeleka yanafuata mambo mawili. Kuna ushuru wa stempu, 1% ya kodi ya pango ya mwaka, na kuna kodi ya zuio, 10%. Fremu ya 200,000 kwa mwezi ni 2,400,000 kwa mwaka: stempu 24,000, zuio 240,000. Hiyo 240,000 ni kodi ya mwenye nyumba. Wewe unaikata kwenye pango lake na kuipeleka TRA. Ukimlipa mwenye nyumba hela yote taslimu, TRA watakudai wewe, na yeye hatakurudishia. Mkubaliane kabla hamjasaini.

TIN, yaani namba ya mlipakodi, ni bure, na sheria inataka uiombe ndani ya siku 15 tangu uanze biashara. Kama ulishapewa TIN kwa ajili ya leseni ya udereva, usiombe nyingine, maana mtu ana TIN moja tu. Omba ibadilishwe kuwa ya biashara. Wanaokwama mtandaoni wiki nzima mara nyingi kosa lao ni hili.

BRELA ni lazima pale tu unapofanya biashara kwa jina lisilo lako. Jina la biashara ni 15,000 ya usajili na 5,000 ya kila mwaka, unaomba kwenye mfumo wao wa mtandaoni, ORS. Usidanganywe kwamba linakukinga: jina la biashara si kampuni, deni la duka ni deni lako mpaka kwenye kiwanja chako. Ukishakadiriwa unapata klirensi (cheti cha TRA kwamba mambo yako ya kodi yako sawa), na klirensi ndiyo inakufungulia leseni ya halmashauri. Kwa kuwa ni vipodozi, jengo lisajiliwe pia TBS (Shirika la Viwango). Wanaokutajia TFDA, ile mamlaka ya chakula na dawa, wanazungumzia mambo ya kabla ya 2019.

Sasa makadirio. Jedwali lipo kwenye sheria (natumia viwango vya Sheria ya Fedha ya 2022, bajeti mpya huanza Julai mosi, hakikisha kabla ya kulipa). Kinachotozwa ni mauzo ghafi, siyo faida. Mauzo yasiyozidi 4,000,000 kwa mwaka, kodi ni sifuri. Kati ya milioni 4 na 7, asiye na kumbukumbu analipa 100,000, mwenye kumbukumbu analipa 3% ya kinachozidi milioni 4. Kati ya milioni 7 na 11, asiye nazo 250,000, mwenye nazo 90,000 pamoja na 3% ya kinachozidi milioni 7.

Piga hesabu. Mauzo ya 8,000,000 yenye daftari ni 120,000. Mauzo hayohayo bila daftari ni 250,000. Kumbukumbu zenyewe ni daftari la mauzo la kila siku, risiti za manunuzi na lipa namba ya duka peke yake (namba ya kupokelea malipo ya simu), basi. Ukipokea mchango wa harusi ya binamu kwenye lipa namba ya duka, jiandae kueleza kwamba hayakuwa mauzo. Karatasi zako uzitunze miaka 5.

Ukivuka milioni 11 hadi milioni 100 unatozwa 3.5% ya mauzo yote, na mashine ya EFD (ya risiti za kielektroniki) inakuhusu. Hapo kuna ngazi kali: kwenye 11,000,000 kamili mwenye kumbukumbu analipa 210,000, akizidi kidogo tu ni 385,000. Wenye faida nyembamba huumia zaidi. Duka la mauzo ya 60,000,000 lenye faida halisi ya 3,000,000 linatoa 2,100,000. Mwenye duka la namna hiyo anaruhusiwa kuchagua kutoka kwenye mfumo wa mauzo, aandae hesabu na atozwe kwa faida, ambapo 3,240,000 za mwanzo kwa mwaka hazina kodi. Nashangaa ni wachache wanaolifanya. Sharti hesabu ziwe za kweli, maana matumizi yasiyo na risiti yanakataliwa.

Malipo ni awamu nne: mwisho wa Machi, Juni, Septemba na Desemba. Ukiona Agosti kwamba soko limeanguka, andika barua ya kurekebisha makadirio kabla awamu haijafika. Kusubiri deni lishapanda ndipo ulalamike hakusaidii, riba inakuwa imeshaanza kutembea.

Na ukifunga duka, usifunge mlango tu. Andika TRA kwamba biashara imesimama, uambatanishe barua ya serikali ya mtaa, na uhakikishe umepokea nakala yenye muhuri. Bila hiyo mfumo unaendelea kukuhesabu kuwa upo, na miaka miwili baadaye ukirudi kuomba klirensi ya biashara nyingine unakuta deni la duka ambalo fremu yake sasa inauza chipsi.